Mwiko Uliomwangukia Mtoto wa Mtu

Asubuhi ya mwisho tuliyoamka sote wawili wazima, mke wangu Nopoko aligombana nami juu ya mbegu ya kola. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko, naikata vipande vidogo, maana meno yangu yaliyobaki ni ya kubembeleza.

"Meno huna, kola unaitaka," alisema. "Wewe utakufa kwa kung'ang'ania vigumu."

"Nimekuoa wewe na sijafa."

Akacheka. Alikuwa anakoroga kimea kwenye chungu kikubwa, moshi unamwingia machoni naye hajali. Vumbi la jangwani lilikuwa limetanda juu ya kila kitu. Akaniambia nisogee, namzibia njia. Nikasogea. Jua lilipopanda aliketi chini apumzike, hakuinuka tena.

Juu ya siku ile sina zaidi.

Nitasema la mazishi. Vijana wa mtaa wetu wa Dapoya walikuja wengi, wamevaa fulana nyeupe zenye picha yake kifuani. Kwenye picha Nopoko ameinua mwiko, na mbele yake askari ameinamisha kichwa. Walikuja kumheshimu, najua. Niliwaomba wazigeuze, picha iwe ndani. Baadhi waligeuza. Wengine walinuna, na mmoja akasema, "Mzee, mkeo unamwonea aibu siku ya kumzika?"

Siku ile sikuwa na mdomo. Namjibu sasa.

Nopoko alikuwa mpika pombe ya mtama, na kilabu chake kilikuwa uani kwetu, chini ya paa la nyasi. Sisi ni Wamosi. Wateja wake wengi walikuwa Wasamo, na Wasamo ni watani wetu tangu mababu. Wao husema sisi ni watumwa wao, sisi husema wao ni watumwa wetu, na ugomvi wa nani alikula kichwa cha mbwa hautakwisha mpaka kiama. Msamo akifiwa, sisi ndio wa kwanza kwenda kuvuruga msiba mpaka wafiwa wacheke. Mtani huumizwa kwa ulimi peke yake. Kumuumiza kwa kitu kingine ni kosa ambalo hata wazee hawalitaji.

Nopoko alikuwa na ulimi. Wasamo walikuja kwake kutukanwa kuliko kunywa.

"We mla mbwa," angemwambia Ki, fundi mwashi, kabla hajavuka kizingiti, "umekuja kunywa au kunusa?"

"Nimekuja kumkagua mtumwa wangu kama anafanya kazi."

"Mtumwa wako ni yule punda wako, na hata yeye ameanza kufikiria kutoroka."

Watu walimwaga pombe kwa kucheka. Ndivyo alivyoishi.

Kisha ukaja mwaka ule. Mkubwa wa nchi alikuwa amekaa kitini muda ambao watoto wetu walizaliwa, wakaoa, wakazaa, hawajaona mwingine. Sasa alitaka sheria ibadilishwe akae tena. Watu wakasema basi. Wanawake walitoka kwanza. Walitoka na miko.

Wa kwetu wanajua maana yake. Mwanamke akimwinulia mwanamume mwiko wa kusongea ugali, amemwambia kwamba uanaume wake umekwisha. Amemfunga. Kumwinulia mwanamume mwiko ni mwiko. Nopoko katika ndoa yetu alinirushia kibuyu, alinirushia kigoda, na siku moja alinirushia kuku mzima aliye hai. Mwiko hakuwahi kuugusa akiwa na hasira. Akikasirika, kwanza aliuweka chini.

Asubuhi ile aliuchukua mwenyewe, akauosha, akajifunga kitambaa kichwani.

"Unakwenda kumfunga Mkubwa?" nilimuuliza.

"Kama bado kuna kitu cha kufunga."

Alikwenda na wenzake mpaka penye mzunguko wa barabara. Hapo askari walikuwa wamejipanga na ngao. Wanawake wakasogea wakiimba. Nopoko alijikuta mbele kabisa, uso kwa uso na askari mmoja kijana. Akamwelekezea mwiko kifuani, akaushusha mpaka chini ya mkanda, akasema kwa sauti ambayo wapikaji pombe wanayo, "Kama wewe ni mwanamume, kamwambie mkubwa wako aondoke!" Kijana akainamisha kichwa. Ngao ikamtoka mkononi. Watu wakapiga kelele ya furaha, na mtu mmoja akapiga picha.

Yaliyofuata mnayajua. Bunge liliungua. Mkubwa akaondoka kwa msafara wa magari, mkewe pembeni. Kesho yake watu walitoka na mifagio wakafagia barabara bila kuambiwa na mtu.

Nataka kusema jinsi mtaa ulivyofurahi, maana furaha nayo ilikuwa na mambo yake. Kila mtu alikuwa mstari wa mbele. Uliwasikiliza ukashangaa nani alikuwa nyuma. Walioshinda siku zile wamejifungia ndani walitoka na majeraha ya kusimulia. Sibiri, fundi cherehani jirani yetu, aliyekuwa akishona nguo za chama zenye sura ya Mkubwa matakoni na kifuani, alizikata zote vitambaa vya kufutia mashine.

"Nilijua tangu zamani ni mwizi," alisema.

Ki akamwambia, "Ndiyo maana ulikuwa unampigia makofi, ili usisinzie akakuibia?"

Na Nopoko wakamfanya mtu mkubwa. Mama Mwiko. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kunywa kwake. Picha ile iliingia kwenye simu zote. Kijana mmoja, Relwende, aliikuza ikawa kama mlango, akaitundika kilabuni. Wanaume walevi walikuwa wakipita mbele yake wanajifunika kwa mikono miwili, "Mama, mimi usinione!" Nopoko alicheka kuliko wote. Askari wa kwenye picha tulimwita askari tu. Alikuwa amekuja na picha.

Msimu wa joto ulipoingia, mama mmoja mgeni aliketi kilabuni peke yake. Nopoko alimpa kibuyu. Mgeni akanywa kidogo, akaangalia picha.

"Huyu mwenye mwiko ni wewe?"

"Ni mimi mwenyewe. Nilikuwa mwembamba kidogo."

"Na huyu mwingine unamjua?"

"Huyo askari."

"Askari ana jina," mgeni alisema. "Anaitwa Barnabe Toe. Nimemzaa mimi."

Mkono wa Nopoko ulisimama juu ya mtungi. Toe si jina la kwetu.

"Toe wa wapi, mama?"

"Wa Toma. Kwani kuna Toe wa Kimosi?"

Toma ni kwa Wasamo. Watu waliokuwa karibu wakaweka vibuyu chini.

Mgeni hakupandisha sauti. Alisema mwanawe alikuwa na mke, wameoana karibuni. Picha ilipotoka, wakwe walikuja kumchukua binti yao. Walisema hawawezi kumwachia mtoto wao mwanamume aliyefungwa mbele ya nchi nzima. Kambini wenzake walimwita Bwana Mwiko. Akipita walikuwa wanajifunika kwa mikono. Mwisho akaacha kazi. Sasa anabeba mchanga kwa guta la pikipiki, ng'ambo ya bwawa, mtaa wa Tanghin. Jioni haendi penye watu.

Alipomaliza alikunywa kibuyu chake mpaka chini, akakiweka taratibu.

"Asante kwa pombe," alisema, akaondoka.

Msamo kumwambia Mmosi asante! Mtani hunywa, husema pombe ni ya mkojo wa punda, huomba nyingine. Yule mama alishukuru. Nopoko aliketi pale pale kwenye kuni.

"Amenishukuru," alisema. "Umemsikia? Amenishukuru."

Siku ile ile aliishusha picha. Wateja walilalamika, akawaambia imeliwa na mchwa. Tangu hapo akawa hawatukani Wasamo. Alimimina, akapokea, akamimina. Kilabu kikawa kama kanisa. Ki alivumilia mpaka akashindwa.

"Mama Nopoko, nimekukosea nini? Wiki hii hujaniita mla mbwa hata mara moja. Kama kuna jambo, niambie, nipo chini ya miguu yako."

"Hujanikosea."

"Basi nitukane kidogo, ninywe nikalale."

Akamwangalia, akaingia jikoni.

Nilimwambia kwamba hakujua. Nilimwambia siku ile ilikuwa vita, na vita haviulizi jina la ukoo. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniomba nitengeneze pikipiki yangu, nimpeleke Tanghin.

Tulimkuta Barnabe Toe uani kwake anaosha guta. Alikuwa kijana mrefu, mabega ya kazi. Alimtambua Nopoko mara moja. Nopoko akashuka, akajaribu kama watani wanavyojaribu.

"We mtumwa wangu! Bibi yako amefika, hata maji humpi?"

Kijana aliweka kitambaa chini, akaingia ndani, akatoka na maji. Aliyaleta kwa mikono miwili, akainama.

"Karibu, mama."

Afadhali angemmwagia. Nopoko alishika kibuyu cha maji akashindwa kunywa.

"Mwanangu, mwiko ule niliuinua kwa Mkubwa."

"Najua, mama."

"Sikujua wewe ni Msamo. Ningejua ni mtani wangu, mkono huu ungekatika kabla."

"Na kama ningekuwa Mmosi mwenzako? Au Mlobi? Ingekuwa sawa?"

Nopoko akaangalia maji kibuyuni. Mimi nikaangalia matairi ya guta.

"Mimi siogopi mwiko wako," Toe aliendelea. "Hospitali wameniangalia, mimi ni mzima. Lakini uzima wangu nitamwonyesha nani? Nikienda kununua mkate muuzaji anajifunika hivi. Watoto wananiimbia. Siku ile nilipewa ngao nikaambiwa simama hapa. Ulipokuja nilikuona kama mama yangu, nikainama. Basi. Nchi nzima imecheka. Picha ile iondoe, mama. Ukiiondoa, uje unitanie."

"Nitaiondoa," alisema Nopoko.

Njiani nilimwambia haiwezekani, picha ikiingia kwenye simu ni kama harufu. Akaniambia niendeshe.

Alianza kilabuni. Mtu akija, kabla ya kibuyu, alitaka simu. Yeye hakujua kusoma wala mimi, lakini picha aliijua. "Futa mbele yangu." Wachache walifuta wakicheka, wakitoka nje wanatumiwa tena na wenzao. Wengine walikataa.

"Mama, hii ni fahari yetu. Nitawaonyesha wajukuu."

"Fahari yako ina mama yake, anaishi Toma."

"Alikuwa na ngao, mama! Alikuwa upande wa Mkubwa!"

"Alikuwa mbele yangu. Futa au nenda kanywe maji."

Wateja wakapungua. Sibiri, yule mshona nguo za chama, akatangaza mtaani kwamba Mama Mwiko amenunuliwa na watu wa Mkubwa. Kuna waliomwamini. Wanawake aliotembea nao siku ile walikuja kumwuliza kama anajuta Mkubwa kuondoka.

"Sijuti hata kidogo," aliwaambia. "Angerudi leo, ningetoka leo."

"Sasa shida yako nini?"

"Shida yangu ni mtu mmoja."

Hawakumwelewa, wakaondoka wanatikisa vichwa.

Niseme kabisa, ili nisimdanganye mtu: picha haikwisha. Ndiyo mnayoivaa. Na mke wa Toe hakurudi, aliolewa mjini Bobo. Nopoko alilijua hilo mpaka anakufa, na usiku nilikuwa namsikia anageuka.

Mwaka ulipozunguka, vijana wakataka kukumbuka siku ile. Wakachora ukutani, kando ya barabara ya bwawa, mahali ambapo dunia nzima inapita. Walimchora Nopoko mrefu kama nguzo ya umeme, mwiko kama kasia. Chini yake wakamchora askari, mdogo kwake ingawa alimpita mtu wa kweli kwa kimo, ngao chini, mikono miwili imefunika mbele. Kwenye picha ya kweli hakujifunika. Hilo waliliongeza wao. Watu walikuwa wanasimama pale, wanajipiga picha wakijifunika, wanacheka.

Nopoko aliambiwa na wateja, wakidhani atafurahi. Kesho yake, watu wakiwa wanakwenda kazini, alikoroga chokaa kwenye ndoo, akachukua brashi yangu ya kupakia grisi, akaenda. Nilimfuata.

Alianza na mikono ya yule askari. Akaipaka chokaa. Watu wakasimama. Pikipiki zikajaana. Relwende akaja mbio, yeye ndiye aliyechora.

"Mama! Mama, unafuta nini?"

"Namfuta mtoto wa mtu."

"Hii ni historia ya nchi, mama!"

"Ichoreni. Nichoreni mimi na uzee wangu wote, sijakataa. Huyu muacheni."

"Ukimtoa askari, wewe utakuwa unamwinulia nani? Hewa?"

Watu wakacheka. Nopoko aliendelea kupaka.

"Mchoreni Mkubwa," alisema. "Si yeye tuliyemtaka?"

"Mkubwa hakuwepo pale, mama."

Akageuka, brashi inadondosha chokaa miguuni kwake.

"Ndiyo. Hakuwepo."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyebeba mboga alisema polepole, "Ni kweli, hakuwepo," akaendelea na safari yake. Wengine walibaki wanaangalia ukuta kama wameuona leo.

Nopoko alifika kifuani mwa yule askari, akafika shingoni. Kofia ya chuma ilikuwa juu, mkono wake haukufika. Aliruka kidogo, mzee wa watu, akakosa. Akaruka tena. Mimi nilisogea nimsaidie, akanikataza kwa jicho.

Ndipo guta la mchanga likasimama nyuma ya watu. Barnabe Toe alikuwa akipita kila siku barabara ile, hana nyingine. Alizima mashine, akabaki ameketi. Mtu mmoja akamtambua, mikono ikaanza kwenda kujifunika kwa mazoea, ikashuka yenyewe ikaning'inia. Watu wakafungua njia bila kuambiwa.

Toe akashuka. Akaja mpaka ukutani, akaangalia mwili wake uliopakwa chokaa, kichwa kimebaki peke yake. Akaangalia ndoo. Chokaa ilikuwa na madonge, kweli, Nopoko aliikoroga kwa haraka. Akachovya kidole, akakiinua watu wakione.

"Jamani," alisema kwa sauti kubwa, "babu zangu waliniachia mtumwa wa namna gani? Uji wa kuta haujui, pombe yake wanajua punda. Mmosi ni Mmosi. Mfupi, mvivu, na kichwa changu hakifikii!"

Kisha Ki, aliyekuwa kwenye baiskeli yake, akaangua kicheko, na baada yake wote. Kilikuwa kicheko cha utani. Anayekijua anakijua.

Nopoko hakucheka. Alisimama na ndoo yake, chokaa usoni, anamwangalia yule kijana. Toe alinyoosha mkono achukue brashi. Hakumpa. Aliishika kwa mikono miwili, akasema, na hivi ndivyo alivyosema:

"Nitukane tena, Toe. Hilo halijanitosha."